Sultani Barghash na Daraja Ambalo Sikuliona

Likizo fupi ya mwaka jana, wanachuo sita wa darasa letu tulichanga kilichobaki kwenye bumu tukapanda boti kwenda Unguja. Wenzangu walitaka bahari na urojo. Mimi nilikuwa na ajenda yangu. Nasoma uhandisi wa ujenzi, na kwa muda mrefu nilikuwa nimejiambia kwamba mahali panapoitwa Darajani lazima pawe na daraja la kale, la kupiga picha na kuweka kwenye ripoti.

Nikafika Darajani. Nikaona soko, ndizi, samaki, mabegi ya shule, daladala na watu wengi ajabu. Daraja hakuna. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa anauza kashata. Akacheka, akaniambia hapo niliposimama ndipo maji yalipokuwa.

Alikuwa sahihi. Katika karne ya 19 mkono wa bahari uliingia nyuma ya mji, ukatenganisha upande wa nyumba za mawe, tunaouita leo Mji Mkongwe, na upande wa pili ulioitwa Ng'ambo. Maji yakijaa, mji ulikaribia kuwa kisiwa. Daraja lilivusha watu kati ya pande hizo mbili, na jina la Darajani likatokana nalo. Karne ya 20 mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, ikapita barabara, yakapandwa majani. Daraja likakosa kazi likatoweka, jina likabaki.

Ndugu zangu, mimi natoka Kimali, mkoani Simiyu. Kwetu hali ni kinyume kabisa: maji tunayo, daraja ndilo hatuna. Mto wetu ni wa msimu. Kiangazi ni mchanga mtupu, ng'ombe wanapita, watoto wanacheza mpira humo humo. Ikinyesha kule juu, hata kama kwenu jua linawaka, dakika chache tu maji yanakuja mekundu, yamebeba magogo. Januari ile nilipokuwa mwaka wa kwanza, shemeji yangu alishikwa na uchungu jioni, tukampakia kwenye pikipiki kumpeleka zahanati, tukakuta mto umejaa. Tulikaa ukingoni usiku kucha chini ya turubai la kufunikia pamba. Mama yangu na jirani mmoja ndio waliomzalisha pale pale, kwa mwanga wa simu yangu ambayo ilikuwa na chaji asilimia kumi na kitu. Mtoto wa kike, mzima. Akaitwa Mbula, yaani mvua kwa Kisukuma. Watu wakisikia jina wanatabasamu. Mimi nakumbuka damu, na jinsi mama alivyonyamaza kwa muda ambao haukupaswa kuwa mrefu vile.

Kwa hiyo nikisema nataka kuona daraja, siyo utalii.

Pale Unguja nilianza kuuliza maswali ya kihandisi. Jumba lile kubwa la mbele ya bahari nani alilijenga? Barghash. Maji ya bomba nani aliyaleta mjini kwanza? Barghash. Hamamu ya Hamamni? Barghash. Magofu ya Marahubi? Barghash tena. Nikarudi chuoni na jina moja kichwani, nikaanza kumsoma. Nilianza nikiwa nimeshamhukumu. Sultani, mtumwa, karafuu, basi, yamekwisha. Naomba niwasimulie maisha yake, halafu nitawaambia nilipofikia.

Barghash bin Said alizaliwa karibu mwaka 1837. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, ndiye aliyehamishia makao ya utawala kutoka Oman kuja Zanzibar. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Said alikuwa na watoto wengi kwa masuria wengi, na katika nyumba ya namna hiyo kila mtoto wa kiume alikua akijua kwamba ndugu yake ni mpinzani wake. Oktoba 1856 Said alifia baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa njiani kurudi Zanzibar. Barghash alikuwa naye melini. Alipofika Unguja alijaribu kujitangulizia mambo gizani ili akamate madaraka kabla habari hazijasambaa. Akashindwa. Kaka yake, Majid, akawa sultani.

Hakukata tamaa. Mwaka 1859 alipanga uasi. Waliomsaidia ni pamoja na dada zake wawili, Khole na Salme. Salme alikuwa binti wa miaka 15 hivi ambaye alijifunza kuandika mwenyewe, akawa ndiye karani wa uasi. Nyumba ya Barghash ikazingirwa. Akatoka humo amejifunika mavazi ya kike, katikati ya wanawake, akapita mbele ya askari, akaenda kwenye shamba lililoitwa Marseille. Majid akaomba msaada wa Waingereza, mabaharia wao wakaingia, uasi ukaisha. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Hapa ndipo nilipoanza kumwangalia upya. Kijana wa miaka 22 hivi, ameshindwa, anatupwa mji wa mbali kwa karibu miaka miwili. Bombay wakati ule ulikuwa mji wa bandari unaokua kwa kasi, wenye reli na mfumo mpya wa kuleta maji kutoka mbali. Ukiangalia aliyoyafanya baadaye, huwezi kukosa kuona alitembea kule macho yakiwa wazi. Sisi tunaopelekwa mafunzo kwa vitendo tukarudi na mhuri tu kwenye kitabu tunaweza kujifunza kitu hapo.

Alirudi mwaka 1861, akakaa kimya. Wakati huo Majid alianza kujenga mji mpya kwenye ghuba moja ya bara akauita Dar es Salaam. Oktoba 1870 Majid akafariki, na Barghash, akiwa na miaka 33 hivi, akawa sultani. Mji wa kaka yake aliutelekeza. Majengo ya Dar es Salaam yakaota majani, na hela zote zikaelekezwa Unguja. Wanaosoma Dar wajue kwamba mji huu uliwahi kufutwa kwenye bajeti kwa sababu ya ugomvi wa ndugu wawili.

Alirithi nchi yenye matatizo. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilikuwa kimeua watu wengi mjini, ambako maji ya kunywa yalitoka kwenye visima vilivyokaa jirani na vyoo. Aprili 1872 kimbunga kikali kikapiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, pamoja na vya sultani mwenyewe. Bara nako, kuanzia 1871, Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora na njia ya pembe za ndovu ikafungwa. Halafu Waingereza wakaja na mkataba. Balozi wao, John Kirk, alimpa Barghash chaguo moja: akomeshe biashara ya watumwa baharini au manowari zizingire kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 akasaini. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na palipokuwa soko likajengwa kanisa kuu la Waanglikana ambalo lipo mpaka leo.

Tuseme ukweli hapa. Barghash hakusaini kwa sababu moyo wake ulilia. Alisaini kwa sababu ya mizinga. Na utumwa wenyewe uliendelea mashambani: sheria ya kuondoa hali ya kisheria ya utumwa ilikuja mwaka 1897, yeye akiwa kaburini miaka 9. Karafuu zilizoota upya baada ya kimbunga, na zile za Pemba ambako kimbunga hakikuharibu sana, zilichumwa na watu wasiolipwa. Pembe za ndovu zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, babu zetu. Ushuru wa vitu hivyo ndio uliojenga Unguja ninayowasimulia. Nguzo za jumba lile zina jasho la Usukuma ndani yake, ingawa hakuna kibao kinachosema hivyo.

Mwaka 1875 alisafiri kwenda Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, akatembezwa viwandani na mijini, kisha akapitia Ufaransa. Aliporudi, ujenzi ukapamba moto. Alinunua meli zake za moshi zilizofanya safari hadi Bombay. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ukapita chini ya bahari na kuiunganisha Zanzibar na dunia. Alianzisha mtambo wa kuchapa vitabu vya dini na elimu. Hamamu za Hamamni zikajengwa kwa mtindo wa Kiajemi, na msimamizi wake alikuwa fundi aitwaye Haji Gulamhussein.

Lakini kazi iliyonigusa ni ya maji. Kaskazini mwa mji kuna chemchemi. Barghash alijenga mfereji kutoka huko kuleta maji safi mjini, na watu wakayapata bila malipo. Kihandisi siyo mchezo: lazima upate mteremko mdogo unaofanana njia nzima. Ukizidi, maji yanachimba mfereji. Ukipungua, yanasimama na kuoza. Penye bonde unainua mfereji juu ya nguzo, yaani unajenga daraja la kuvusha maji badala ya watu. Marahubi, kwenye jumba alilojenga kwa ajili ya masuria wake, magofu ya nguzo na mifereji bado yanaonekana ingawa jumba lenyewe liliungua mwaka 1899.

Mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Nyumba za kawaida za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikashikiliwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, mita tatu hivi, kwa hiyo chumba kinakuwa chembamba hata kama tajiri ana hela za kujaza ghala. Barghash alivunja mpaka huo. Akatumia nguzo za chuma cha kusubu zilizozunguka jumba lote, na mihimili ya chuma ikabeba sakafu, ndipo zikapatikana kumbi pana na baraza za juu zilizo wazi pande zote. Wale waliokuja na sapu ya Nadharia ya Miundo wataelewa: ukibadilisha mhimili, umebadilisha maisha ya ndani ya nyumba.

Na sasa daraja. Unguja kulikuwa na kitu kinaitwa wikio: pito la juu linalounganisha ghorofa ya nyumba moja na ya jirani, juu ya njia. Jumba la Maajabu liliunganishwa kwa mapito ya namna hiyo na majumba mawili ya jirani, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, ili wanawake wa ikulu wapite kutoka jumba moja hadi jingine bila kuonekana na watu wa chini. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kidogo. Mji mmoja, zama moja, madaraja mawili. Lile la Darajani lilibeba mchuuzi, mtumwa, mpagazi na mwanafunzi wa chuoni. Yale ya ikulu yalibeba watu wachache waliotakiwa wasikanyage njia ya wengine. Yote ni uhandisi, na mahesabu yake hayatofautiani sana. Tofauti ni nani anayevuka.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kunyang'anywa. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka bara akikusanya mikataba, na mapema 1885 Ujerumani ikatangaza ulinzi juu ya maeneo hayo. Barghash akamwandikia Kaizari kupinga. Jibu lilikuwa manowari: Agosti 1885 zikatia nanga mbele ya ikulu, mizinga ikitazama jumba jipya. Pamoja na Wajerumani hao alikuja Salme, yule karani wa uasi, ambaye sasa aliitwa Emily Ruete, mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg. Alikuja kudai urithi wake. Barghash alikataa kumpokea. Alikuwa amewahi kuandika barua za kumwokoa kaka huyu, na kaka hakumfungulia mlango.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana wao kwa wao. Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Bara ikagawanywa kwa mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria. Kusini ya mstari ikawa ya Wajerumani, pamoja na Usukuma yote. Kimali ikapata bwana mpya bila mtu wa Kimali kuulizwa, na bila aliyechora kuwahi kuona mto wetu ukijaa.

Barghash aliumwa. Mapema 1888 alikwenda Oman kutafuta nafuu, akarejea akiwa hoi, na Machi 1888 akafariki Unguja, akiwa na miaka 51 hivi. Ndugu yake Khalifa akamrithi. Miaka 2 baadaye Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga ikulu kwa muda usiofika saa moja, katika ugomvi wa kurithi kiti. Beit al-Hukm ikaharibika isijengwe tena, Beit al-Sahel nayo ikabomolewa, na mapito ya juu yakaishia hapo. Jumba la Maajabu likabaki limesimama. Likawa ofisi, likawa makumbusho, na mwaka 2000 likaingia pamoja na Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa.

Hayo ndiyo maisha yake. Sasa turudi chuoni.

Nilipoyasimulia haya kwenye chumba chetu cha hosteli, ulizuka mjadala hadi saa nane usiku. Mmoja akasema mtu aliyekula ushuru wa utumwa hastahili hata mstari mmoja kwenye jarida letu. Mwingine akasema tuache unafiki, kila jengo kubwa duniani lina mfupa wa mtu kwenye msingi, na viongozi wangapi wa leo wanaleta maji bure? Mimi nilikuwa nimeingia kwenye mjadala upande wa kwanza. Nilitoka nikiwa sipo upande wowote kati ya hizo mbili.

Ninachokiona ni hiki. Mfereji wa maji haumsafishi Barghash na soko la watumwa. Mtu aliyeuzwa Mkunazini hakufidiwa kwa bomba. Lakini pia soko la watumwa halifuti ukweli kwamba sultani huyu, aliyekuwa na uwezo wa kuchimba kisima kimoja safi ndani ya ikulu na kufunga geti, aliamua maji yafike kwa mji. Tunatakiwa kuyabeba yote mawili. Mwanafunzi anayetaka historia yenye jibu moja atakuwa anasoma desa, siyo historia.

Na kwa sisi wahandisi swali liko karibu zaidi. Darasani kwetu, ukifika mwaka wa mwisho, kila mtu anataka mradi wa daraja la nyaya, nguzo ndefu, taa za rangi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika pendekezo la namna hiyo, lenye picha nzuri kutoka intaneti. Baada ya Unguja nililirudisha kwa msimamizi wangu nikaomba kubadilisha. Aliniuliza kama nina uhakika, kwa sababu mradi mdogo haung'ai mbele ya jopo. Nikamwambia nina uhakika, ingawa kwa kweli tumbo lilikuwa linacheza. Sapu hainogi mwaka wa mwisho.

Mradi wangu sasa ni kivuko cha mto wa Kimali: daraja la mawe la matao mawili. Madaraja ya aina hii TARURA imekuwa ikiyajenga vijijini sehemu mbalimbali za nchi. Tao linafanya kazi kwa kusukumana. Kila jiwe linamkandamiza mwenzake na mzigo unashuka hadi kwenye msingi, kwa hiyo nondo hazihitajiki ndani ya tao. Mawe kwetu yapo, mafundi wa mawe wapo, na ng'ombe wa kuyavuta wapo kuliko idadi ya watu. Kazi ngumu ni msingi, kwa sababu mchanga wa mto wa msimu unahama, na ukikosea kina maji ya kwanza yanachimba chini yako na daraja linakaa kama meza iliyovunjika mguu. Desemba nilikwenda nyumbani kupima. Wazee walinionyesha alama za mafuriko kwenye mibuyu, kila mmoja na mwaka wake, na palipokuwa na ubishi walibishana hadi wakafikia mwafaka. Hizo ndizo data zangu za juu kabisa za maji, na nimeziandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Mbula alinifuata kila siku akinishikia ncha ya futi kamba. Ana miaka mitatu na kitu, anaishika kwa mikono miwili kama anayezuia ng'ombe. Siku ya mwisho mvua ilianza kuonekana upande wa mashariki, tukakusanya vifaa haraka. Mama alikuwa amesimama ng'ambo anatuita turudi kabla maji hayajaja, nasi tukavuka kwa miguu juu ya mchanga, mimi nimembeba mtoto na yeye amebeba kamba.

Jopo litakaa mwezi wa sita. Wenye muda waje wasikilize, na waje na maswali magumu.